Ile Inayonguruma

Mkulima mmoja wa kahawa huingia dukani kwa Winrose mjini Meru kila siku ya soko, kucha zake nyeusi kwa kuchuma. Amekuza kahawa tangu ujana huku akinywa chai. Sasa anatafuta mashine ya nyumbani ya espreso, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo, na ya kusagia buni. Huzipangusa mashine kwa mkono wa koti, huzirudisha rafuni, hukohoa kidogo kabla ya kila swali. Leo ameomba za kusagia ziwashwe mojamoja, akazisikiliza amefumba macho.

"Chukua hii, mzee," Winrose akamshauri. "Imetulia, haiamshi mtu."

"Sina wa kuamsha," akasema kwa sauti ya chini. "Nipe ile inayonguruma. Jirani asipoisikia asubuhi, atakuja kuniangalia."