Nilivyomwokoa Shemeji na Upepo wa Jua

Upepo wa jua ulipofika, chumba kizima kilishangilia. Mimi nikakimbia kumwokoa shemeji yangu asife.

Usicheke kwanza.

Shemeji, mume wa dada yangu, ndiye aliyeniingiza kazini kwao, kwenye kituo cha kuchunguza anga. Usafi tu. Yeye na wenzake walifuatilia upepo unaotoka kwenye jua. Chombo kimoja kiko karibu na jua, kingine mbali huko angani. Upepo ukipita kwa cha kwanza, wanausubiri kwa cha pili, waone njiani umepoa vipi, umepunguza kasi kiasi gani.

Vyombo kukaa mstari mmoja ni nadra. Shemeji aliisubiri siku hiyo tangu hajaoa.

Tena kile cha mbali ni kizee, hakihifadhi kitu. Usipopokea taarifa zake papo hapo, imekula kwako.

Siku moja nikajikaza kuuliza. "Shemeji, huo upepo ukifika tutausikia?"

Vichwa vyote vikanigeukia. Nikatamani kujificha ndani ya ndoo.

"Kuusikia? Utakukaanga! Mtambo huu ndio unaouvuta. Mstari huu ukipanda kwenye skrini, aliye karibu anaiva mzima mzima."

"Sasa wewe unayekaa hapo?"

"Mimi ndiyo basi. Mwambie dada yako atafute mume mwingine."

Wakacheka mpaka machozi. Nikadhani ni ujasiri.

Siku yenyewe nilikuwa napiga deki. Mstari ukapanda. Shemeji akaruka kwenye kiti.

"Umefika! Umefika!"

Nikamwona dada yangu mjane.

Nikatupa dekio, nikashusha swichi kubwa ukutani.

Skrini zote giza.

"Umepona, shemeji," nikasema, nahema.

Walipowasha tena, upepo ulikuwa umeshapita.

Mkubwa wao akaja mbio. "Nani alimwambia azime?"

Wale waliocheka wakaangalia viatu vyao. Shemeji akanitazama, kisha akamtazama mkubwa.

"Huyu hana akili timamu, bosi. Nilimleta kwa huruma tu."

Nikatolewa getini, mikono bado ina povu.

Nyumbani kwao, nilikokuwa naishi, nikakuta begi langu nje. Shemeji alishapiga simu. Dada amesimama mlangoni, macho mekundu.

"Umemuua mume wangu," akasema. Akafunga mlango.

Vyombo vile vitapangana tena shemeji akiwa babu.

Wewe unayesoma, ukitaka kumchezea mtu, usimchague anayekupenda. Huyo atakuamini mpaka mwisho.