Ala ya kisu niliyoipimia kiazi

Leo nimeaibika mbele ya mrina asali, na kosa ni langu mwenyewe.

Hamisi kesho anaingia porini kwenye mizinga, anataka ala ya kisu chake kipana. Kisu kikiwa wazi kiunoni kilishamkata paja.

Sasa wiki iliyopita hakuniachia kisu, anakitumia. Nikakipima kwa kamba, nikachonga kiazi kitamu kirefu kikawa kisu kabisa. Mti ni mgumu kwa mikono yangu hii, na kiazi kilikuwepo jikoni.

Nikakivalisha ngozi mbichi, nikashona, nikaanika.

Jamani, mimi niliyeanika michembe ya viazi toka usichana wangu, sikukumbuka kwamba kiazi juani kinanywea. Kikanywea na ngozi yake.

“Shikamoo Bibi.”

“Marahaba. Ala yako hiyo.”

Kisu kikagoma kuingia.

“Bibi, hii umemshonea panya?”

Nikailoweka ngozi ikalegea, tukakisukuma kisu humo, nikamwambia aibane kwa mikono miwili mpaka ikauke.

Basi yuko hapa uani toka saa nne, hawezi hata kujikuna. Karanga namlisha mimi mdomoni.

Zimekwisha. Nimpe nini tena, wenzangu?