Malungu ya Mirihi

Niliivunja fimbo ya mwalimu juu ya meza yake. Vipande viwili, nikavunja tena, vikawa vinne.

"Mama, huku ni ofisini," akasema.

"Najua. Ndiyo maana shikamoo nimeiacha nyumbani."

Nilikuwa nimevumilia siku tatu. Siku tatu binti yangu wa darasa la pili hakutoa neno. Alikula, aliteka maji, aliniangalia, basi. Walionisimulia ni wenzake. Mwalimu alibandika ubaoni picha ya gazeti iliyopigwa na chombo kilichotua Mirihi: mawe yamesimama peke yake, hakuna mti, hakuna mtu. Akauliza yalifanyikaje. Mwanangu akanyoosha mkono.

"Ni malungu, mwalimu. Wenyewe wamehamishiwa kijijini."

Darasa likacheka. Mwalimu akadhani mtoto katumwa kuidhihaki operesheni ya vijiji. Akamchapa viboko vinne.

Sasa mtoto yule angesema nini kingine? Ilungu ni tanuru refu la udongo, babu zetu wa Ufipa waliyeyushia chuma humo. Kwenye makazi yetu ya zamani yamebaki matatu. Tulipohamishwa nyumba ziliezuliwa, kuta zikalazwa na mvua. Malungu yakabaki wima, midomo wazi. Tukienda kule kufukia majani yawe mbolea kwenye matuta ya ulezi, mwanangu huyaamkia. "Shikamooni." Ni wazee, anasema. Siku moja upepo ulipita kwenye ile midomo nikasikia marahaba. Sijamwambia mtu. Tangu hapo na mimi naamkia.

"Lakini alikosea, mama," mwalimu akasema. "Yale ni mawe."

"Alikosea. Wewe unajua yalivyofanyika?"

Akaanza kukusanya vile vipande vya fimbo. Mimi nimefika kidato cha nne, nikampa nilichoweza kukisia. Labda zamani kulikuwa na maji, yakapenya kwenye nyufa na kuacha kitu kigumu. Maji yakaondoka, upepo ukala kilicho laini, kigumu kikabaki kimesimama. Kama ilungu tu: mvua hula udongo mbichi, huacha ulioiva kwa moto. Labda. Hakuna aliyekuwepo.

"Kukosa jibu la namna hiyo ni viboko vinne?"

"Tatizo ni hilo neno la kuhamishwa."

"Kwani hatukuhamishwa?"

Akatazama mlangoni. "Punguza sauti, mama."

Sikuipunguza. Kesho yake nilimshika mwanangu mkono, tukapita kijiji cha Pito kwa miguu hadi Sumbawanga mjini. Hakusema kitu njia nzima. Karani wa elimu akaisoma barua yangu, akainua macho.

"Mama, barua yote hii ni ya mawe?"

"Gonga muhuri."

Akagonga. Niliandika hivi:

"Ndugu Afisa Elimu, nalalamika kwamba mwanangu alichapwa kwa kusema alichokiona kwenye picha ya mawe ya Mirihi. Siombi mwalimu ahamishwe, kuhamishwa nakujua. Naomba aibandike tena ile picha mbele ya darasa lile lile, amuulize mwanangu swali lile lile, kisha angoje, hata kipindi chote kiishe, mpaka mtoto aseme."