Kofia ya Bomba

Masizi yaliyolowa yana harufu yake, na aliyewahi kuishi nayo haisahau: ni kama chai iliyoungua ikamwagiwa siki, halafu mtu akatumbukiza unyoya ndani yake. Masika yakianza kupiga Ilala, mimi nikiwa nimejifungia ndani kama kawaida yangu, maana mimi na matembezi hatujuani, harufu hiyo hunifuata mpaka kitandani ingawa jirani zangu wote wanapikia gesi. Inanirudisha kwenye ua wa nyumba yetu ya zamani, mitaa michache kutoka Msimbazi, na masika moja ambayo nyumba nzima ilipigana vita na bomba la moshi. Vita hiyo tulishindwa. Nalisema mapema usije ukanisoma kwa matumaini.

Jiko letu lilikuwa uani, chumba cha matofali chenye paa la bati, na humo alitawala Bibi, mama yake baba, aliyekuja kutoka Lindi na mazoea yake yote. Bibi alipikia kuni. Gesi hakutaka kuisikia. Alisema moto usio na kuni ni kama mtoto asiyejulikana kwao. Lakini kifua chake kilikuwa kibovu, na daktari alimwambia baba waziwazi kwamba mama huyu akiendelea kuvuta moshi tutampoteza. Shangazi naye akatuma maneno kutoka Lindi: kama huko mjini mmeshindwa kumtunza mama, nakuja kumchukua. Baba alikuwa mtoto wa kiume pekee, na maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Ndipo akaenda kwenye tanuri moja la mikate lililokuwa linabomolewa akarudi na bomba refu la bati, akatoboa paa, akalisimamisha juu ya mafiga ya Bibi, na chini yake akaweka bati pana lililokunjwa kama mwavuli ili kukusanya moshi.

Lilifanya kazi, tusilisingizie. Moshi ulipanda wenyewe kama mtu anayejua kwao, na kwa mara ya kwanza Bibi alikaanga samaki bila kulia machozi. Mtaani tukawa kichekesho. Mama Neema, jirani yetu mwenye duka, mwenyeji wa Kilimanjaro, alikuwa akichungulia juu ya ukuta kila asubuhi. "Baba Zuhura, hiyo treni yenu inaondoka saa ngapi?" Bibi ndiye aliyemjibu: "Wewe mtu wa Moshi unashangaa moshi?" Mama Neema alicheka akasema moshi wa kwao una baridi na migomba, huu wetu una dagaa tu. Mimi nilikaa kizingitini nikiwasikiliza, kwa sababu hata udogoni sikuwa mtu wa kwenda kucheza mbali. Nilipenda michezo inayonifuata nilipokaa.

Kasoro ya bomba ilikuwa moja: halikuwa na kofia, yaani kile kifuniko cha juu kinachoacha moshi utoke na kuzuia mvua isiingie. Baba alisema tutaliona hilo baadaye. Kunguru hawakungoja baadaye. Ukitaka kumjua kunguru wa Dar es Salaam, mpe tundu lenye joto. Walikuja wawili, wakakagua kama wapangaji wanaotafuta chumba, kisha wakaanza kuhamia: vijiti, nyaya za umeme za madukani Kariakoo, tambara, na siku moja henga nzima ya shati. Baba akaweka wavu wa kuku juu ya bomba; masizi yakaziba matundu ya wavu na moshi ukarudi jikoni. Akautoa. Akapachika ndoo iliyotobolewa kando. Upepo ukaichukua ukaipeleka kwa Mama Neema, ambaye aliirudisha na kusema mzigo wenu wa treni umeshushwa kituo kisicho chake. Bibi akashauri watundike kitambaa cheusi, ati kunguru ataona ni mwenzake aliyekufa aogope. Kesho yake kitambaa kilikuwa ndani ya kiota, kimetandikwa vizuri. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Hao wahenga hawakupanga Ilala.

Kisha mvua ikafungua. Maji yalishuka ndani ya bomba yakiwa meusi, yakaangukia sufuria ya wali, yakazima kuni, na kiota kikajaa kama sifongo. Nusu ya moshi ilipanda, nusu ikageuka. Kikohozi cha Bibi kikarudi. Tulimsikia toka chumbani, na kila akikohoa baba alitazama simu yake, akihofu Shangazi asije akapata habari. Jumatatu akaamua. Alikaa sebuleni, akavaa miwani, akamwandikia ujumbe Fundi Saidi, mfua bati wa Gerezani, akatusomea kwa sauti kabla ya kuutuma, maana alijivunia kuandika kwa ufupi: "Fundi, nataka kofia ya bomba. Mzunguko inchi 22. Isivuje. Ijumaa niwe nayo." Jibu likaja upesi: "Usijali mzee wangu. Utafurahi." Baba akatuonyesha lile jibu kama cheti.

Wiki ile tuliishi kwa neno moja. Bibi akikohoa, baba anasema, "Vumilia mama, kofia inakuja Ijumaa." Mama yangu akiomba Bibi apumzike tupikie nje kwenye jiko la mkaa, Bibi anasema, "Si kofia inakuja?" Ijumaa baba aliegemeza ngazi ukutani mapema, akaweka nyundo na waya tayari. Kabla ya adhuhuri mlango ukagongwa, akaingia kijana msafi aliyevaa kanzu, na mfuko wa karatasi mkononi. Huyo naye aliitwa Fundi Saidi. Ni fundi kofia wa mtaa wa pili.

"Shikamoo Bibi. Mzee yupo? Nimemletea kofia yake."

"Marahaba mwanangu," Bibi alisema, akitoka jikoni huku anafuta macho. "Hebu panda nayo pale juu ya bati."

"Juu ya bati, Bibi?"

Baba akatokea. Fundi akatoa kofia nyeupe, ya kudariziwa kwa uzi wa kahawia, tundu zote zimeshonwa kwa mkono, kazi ya kuangaliwa mara mbili. Baba aliigeuzageuza akitafuta bati lilipo.

"Saidi, hii nini?"

"Kofia bomba, mzee, kama ulivyosema. Na lile la isivuje lilinisumbua kidogo, lakini nimeweka bitana mbili."

"Bomba la moshi, Saidi. La moshi."

Fundi alitazama paa, akatazama ngazi, akaelewa. "Nami nilishangaa," akasema taratibu, "mtu wa heshima zako kuandika 'bomba' kimtaani."

Kumbe kwenye simu ya baba mafundi wote wawili waliandikwa jina lilelile. Na ubaya wa kichwa cha baba ni kwamba mzunguko wake ulikuwa inchi ishirini na mbili kamili. Mama Neema alikuwa ameshachungulia. "Baba Zuhura, livalishe tu hilo bomba, likaswali."

Tulicheka wote, hata baba. Bibi alicheka kuliko sisi. Alishika mlango wa jiko, akainama, moshi ukitoka nyuma yake, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikukoma. Tukaacha kucheka mmoja mmoja. Baba alimkimbiza hospitali na ile kofia mpya bado iko mkononi.

Alipona, lakini Shangazi alikuja, na baba mwenyewe akafunga mizigo ya mama yake. Siku ya kuondoka Bibi aliniita. "Mke mwenzangu," aliniambia, kwani ndivyo alivyonitania siku zote, "wasalimie wale kunguru. Wamekuwa wenyeji kuliko mimi." Huko Lindi alipikia nje, chini ya anga, ambako moshi hauhitaji kuonyeshwa njia, na Dar es Salaam hakurudi tena; alizikwa hukohuko. Juma lililofuata Saidi wa Gerezani, aliyeagizwa upya, alileta kofia ya bati, pembe juu, miguu mitatu, wavu wenye matundu makubwa ubavuni. Halikuingia tone wala unyoya. Mama alikuwa ameshanunua mtungi wa gesi. Bomba letu likalindwa kikamilifu, juu ya jiko lisilowashwa.

Nyumba ile sasa ni ghorofa lenye maduka chini. Mimi ninaishi ghorofani pia, na jikoni kwangu kuna tundu la feni isiyowahi kufungwa, ambamo kunguru ameanza kuleta nyaya. Nilikuwa namcheka baba kwa kuchelewa. Walau yeye alipanda ngazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema. Mimi sijaziba, na anayejenga ni kunguru. Simu yangu ina mafundi chungu nzima, kila mmoja na kazi yake kando ya jina, na hakuna niliyempigia. Moshi sina. Mtu wa kumlinda nao pia sina, labda ndiyo maana.

Juzi baba alikuja kunitembelea, amevaa ile kofia, imefifia kuwa rangi ya chai ya maziwa. Alilitazama tundu, akavua kofia, akaipachika pale. Ikakaa sawasawa.

"Inchi ishirini na mbili," akasema.

Nilidhani ataiacha. Akaichomoa, akaikung'uta, akaivaa.

"Bibi yako angecheka hapa."

Tukacheka kidogo, kisha tukanyamaza mapema wote wawili, kama watu wanaosikilizia kikohozi.