Folda za Mama pale Mwakitolyo

Sisi tuliowahi kukaa mbele ya kompyuta za chogo, zile zenye mgongo mrefu, tunajuana. Tunaijua harufu ya vumbi lililopata moto ndani ya ile mashine, tunajua kuifunika kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni, na tunajua kusubiri. Uliiwasha, ukaenda kuchota maji, ukarudi, nayo bado inajifikiria. Watoto wa siku hizi simu ikichelewa kidogo tu wanaitikisa kama chupa ya dawa.

Mimi nilikulia Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu. Tulicheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwenye vumbi la mawe yaliyosagwa, tukirudi nyumbani miguu myeupe kama tumekanyaga unga. Asubuhi tulikunywa chai kwa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Mashine za kusaga mawe ndizo zilizokuwa saa yetu. Zikinyamaza mchana, tulijua wachimbaji wanakwenda kula, na sisi tulikimbilia kwenye kibanda cha baba mdogo Masanja kusikiliza muziki.

Baba mdogo alikuwa na kompyuta aliyoinunua Mwanza ikiwa imeshatumika, na jenereta lililokohoa kuliko mzee yeyote mtaani. Kazi yake ilikuwa kuwaingizia watu nyimbo kwenye memori kadi za simu. Wachimbaji walitoka kila pembe ya nchi, na kila mmoja alitaka sauti ya kwao. Msukuma alitaka ngoma, mtu wa Tanga alitaka taarabu, vijana walitaka Bongo Fleva, na Jumapili baada ya misa akina mama walitaka kwaya.

Kisha ikaja habari kwamba kuna rashi upande wa Geita, dhahabu mpya imeonekana. Baba mdogo aliondoka wiki hiyohiyo. Baba yangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo kibanda kilibaki mikononi mwa mama.

"Shemeji, ukishindwa uza," alimwambia mama akiwa ameshabeba begi. "Mnunuzi hatakosekana."

Mama alikuwa mkulima, ameacha shule darasa la tatu, na herufi alizokumbuka zilikuwa chache. Siku ya kwanza alikaa mbele ya ile kompyuta kama mtu aliyeketi mbele ya hakimu. Folda zote zilikuwa za njano, ndogo, zinafanana kama vifaranga vya mama mmoja, na majina yake yameandikwa kwa Kiingereza. Tena kila folda ilitaka ibofywe mara mbili upesi. Vidole vya mama vilizoea mpini wa jembe. Akibofya mara ya kwanza, mpaka afike ya pili, kompyuta ilishadhani amebadili mawazo. Mteja aliyekuwa akisubiri alichukua kadi yake, akaaga kwa heshima, akaenda zake.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nasubiri matokeo, sina kazi zaidi ya kuchota maji. Nikaanza kuichokonoa ile kompyuta. Hakuna aliyenifundisha. Nilifungua kila menyu, nikajaribu kila kitu, na nilipoharibu nilirudi nyuma. Ndipo nikagundua sehemu ya mipangilio ya folda, na humo vitone viwili: ukichagua cha chini, unabofya mara mbili, ukichagua cha juu, unabofya mara moja tu.

Nilichagua cha juu, nikamwita mama. Alibofya, folda ikafunguka. Akaifunga, akaifungua tena. Kisha akavuta kiti karibu.

Kuanzia hapo niliibadilisha kompyuta nzima. Nilizikuza folda zikawa kubwa kama visanduku vya kiberiti. Nikagundua kwamba folda inaweza kuvalishwa picha, basi nikachora picha kwa kipanya. Ngoma niliichora ikafanana na mtungi. Kwaya niliiwekea kanisa lenye mnara uliopinda, taarabu mwanamke mwenye kanga, Bongo Fleva kofia. Wateja walicheka walipoiona ile ngoma. Mama naye alicheka, lakini aliifungua bila kuuliza mtu.

"Wabeja, mwanangu," aliniambia kwa shukrani yetu ya Kisukuma. "Sasa inaongea na mimi."

Matokeo yalipotoka nilikuwa nimefaulu. Nikaenda kukaa kwa shangazi Ibadakuli, pale Shinyanga mjini, nisome sekondari. Kibanda kilikwenda vizuri, na sare yangu ya shule ilitoka humo.

Muhula wa pili, Jumapili mchana, shangazi aliniita nipokee simu. Ilikuwa ya mama. Sauti yake ilikuwa ndogo. Virusi viliingia kupitia kadi za wateja, fundi kutoka Kahama akaja, akaisafisha kompyuta na kuipanga upya yote. Nyimbo aliziokoa. Lakini picha zangu zilikwenda, na folda zilirudi kuwa za njano, ndogo, za kubofya mara mbili.

"Baba yako mdogo amepiga simu kutoka Geita," mama alisema. "Anasema kuna mtu yuko tayari kuinunua kesho."

"Shikamoo kwanza, mama," nilisema, maana kwa hofu nilikuwa nimeisahau salamu. "Nitaomba ruhusa shuleni nije."

"Marahaba. Hutoki shule. Wewe niambie kwa mdomo, mimi niko mbele yake."

Nilifumba macho nikaiona ile kompyuta. Shangazi alizima redio.

"Fungua folda yoyote, mama, kwa kubofya mara mbili, hata ikikusumbua."

Nilisikia jenereta likikohoa, nikamsikia akibofya, akikosea, akirudia. "Imefunguka," alisema.

"Tazama juu. Kuna maneno yamepanga mstari. Tafuta linaloanza na herufi kama msalaba."

"Msalaba nauona."

"Bofya hapo. Yatashuka maneno mengine. Chukua la mwisho kabisa, la chini."

"Limefungua dirisha dogo."

"Chini ndani ya hilo dirisha kuna vitone viwili. Mama, cha juu."

"Cha juu," alirudia, taratibu, kama anaitikia sala. "Kimeingia nukta."

"Sasa chini kuna vitufe vitatu. Bofya cha kwanza, cha kushoto."

Nilisubiri mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha nikasikia wimbo wa kwaya ukianza upande wa pili, mbali, na mama akicheka peke yake kibandani.

"Kabula," alisema, "mwambie baba yako mdogo simuuzii mtu." Simu ikakatika.

Likizo ilipofika nilirudi na picha mpya kichwani, nimepania kumchorea ngoma inayofanana na ngoma. Nilipofika nilikuta folda zimeandikwa majina kwa Kiswahili. Mama alimwomba mchimbaji mmoja mteja wake amwonyeshe mahali pa kuandika jina, halafu akawa anatafuta herufi moja moja kwenye kibodi, mchana ambao wateja hawapo. Kwaya aliiandika KWAIYA. Bongo Fleva aliiita WATOTO WA MJINI. Nyimbo za taarabu, ambazo hakuzipenda, aliziita WAGOMVI.

"Nikuchoree picha?" niliuliza.

"Chora ukitaka," alisema akiendelea kumhudumia mteja. "Lakini majina usiguse."

Kibanda hakikudumu milele. Simu zilianza kuvuta nyimbo zenyewe hewani, wateja wakapungua, na mama akahamia kuuza mchele. Kompyuta ilikufa kifo chake cha kawaida. Siku moja iliwashwa, ikagoma.

Leo nafanya kazi ofisini mjini Shinyanga. Nikipewa kompyuta mpya, asubuhi yangu nzima huishia kwenye mipangilio, nikikuza hiki, nikificha kile, nikibadilisha rangi. Vijana wa ofisini hunicheka. Wao hawajui hata faili zao zinakaa wapi. Ukiuliza, wanajibu, "Zipo tu, utafute," kama mtu anayeulizwa kuku wake wanalala kwa nani.

Mwezi uliopita nilikwenda Mwakitolyo kumsalimia mama. Ana simu nzuri ya kugusa, niliyomnunulia mimi. Usiku wa kuamkia siku hiyo simu ilikuwa imejisasisha yenyewe, na kila kitu kilikuwa kimehama. Picha za wajukuu hakuziona, kitufe cha kupigia kilibadilika sura.

"Irudishe ilivyokuwa," aliniambia.

Nilikaa naye mlangoni nikapekua mipangilio yote, ukurasa kwa ukurasa. Niliweza kumkuzia maandishi. Hayo mengine hayakuwa na pa kubadilishia. Nilimweleza kwamba walioitengeneza ndio wanaoamua, na kwamba sote sasa tunazoea tu.

Mama aliipokea, akaitazama kwa muda, akaigeuza nyuma na mbele.

"Kabula," aliniuliza, "kwani hii simu ni ya nani?"

Nilimwonyesha tena mahali picha za wajukuu zilipohamia, akaanza kuikariri njia.