Mkeka Uliooshwa Mara Saba

Kwangu mimi hakuna "pita tu." Mgeni akifika mlangoni kwangu hapa Ngamiani, mjini Tanga, awe shehe, awe karani, awe mkwe, namwambia kwa mdomo wangu: "Vua viatu." Akikawia namwonyesha na pahala pa kuviweka. Mtaa mzima wanasema sina adabu. Wanasema mwenye nyumba muungwana hamwamrishi mgeni. Humwambia pita tu hivyo hivyo, usijisumbue, na mgeni muungwana humjibu hapana bwana wee, kisha akainama akavua. Mmoja anakataza, wa pili anakataa kukatazwa, na wote wawili wanajua tangu mwanzo kuwa viatu vitabaki nje. Huo ndio ustaarabu wetu wa pwani. Mimi nauita uongo wa mlangoni, na umenigharimu, ndiyo maana nauandika.

Sikurithi hata mnazi mmoja. Nilizaliwa upande wa Mwera, huko Pangani, baba yangu alikuwa akifua nazi katika mashamba ya watu, na shule nilisoma madarasa mawili, la tatu likanikosa. Leo nina malori mawili, na nyumba yenye sakafu nyekundu ya saruji inayong'aa mpaka unajiona meno. Wapo waliosoma hata wakavaa miwani na bado wanapanga chumba kwangu. Nikijisifu najisifu kwa vya kwangu, sikuazima.

Viatu nilivijua ukubwani. Utotoni nilikwenda pekupeku, baadaye katambuga za mpira wa gari. Kwetu mtu akiingia ndani alipewa kata ya maji, akaosha miguu, akaikung'uta, basi. Adabu ya kuvua viatu tungejifunzia wapi, na viatu hatuna? Miguu yangu ikaota magaga, ile mipasuko ya kisiginoni ambayo unaweza kuficha punje ya mchele ndani yake usiione tena. Nilipaka mafuta ya nazi, nikapaka samli, nikaambiwa niloweke kwenye maji ya chumvi. Wapi! Magaga yale ni ya kuzikwa nayo.

Nilianza kwa baiskeli, nikitoa machungwa Muheza kuyaleta Tanga, magunia mawili nyuma na moja mbele. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nikapata lori bovu, nikalifufua kwa mikono yangu, nikaingia biashara ya mbata, zile nazi zilizokaushwa. Ndipo nilipoanza kwenda Pangani kwenye ua wa mzee mmoja mwenye mashamba, watu wa asili ya Omani, nyumba ya mawe, mlango wa kuchongwa. Mbata zake zilikaushwa vizuri, hilo sitamnyima.

Na pale uani ndipo nilipoisikia sauti ya binti yake. Sikumwona. Alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, akiwasimamia wapakizi kwa sauti. "Gunia lile la tatu hamjalishona! Mnadhani mimi sioni kwa kuwa nimejifunika?" Siku moja aliniambia na mimi: "Na wewe bwana wa lori, lori lako linavuja mafuta kwenye ua wetu, lifundishe adabu." Nilicheka mpaka Tanga. Mwezi wa tatu nilikuwa nimekwisha kujua kuwa nitamposa.

Nikamtuma mjomba wangu awe mshenga. Akaenda, akarudi na jibu ambalo hatukulitarajia.

"Mzee anataka akuone wewe mwenyewe," alisema. "Ijumaa, baada ya alasiri. Oga."

"Mjomba, mimi huoga."

"Oga tena."

Nikanunua viatu kwa Mhindi mjini, vyeusi, vya ngozi, vya kamba, vinavyolia ukitembea. Kila hatua kwii, kwii. Wakati huo kiatu kikilia watu waligeuka kutazama anayekuja. Nikavaa soksi, kanzu mpya, kofia ya mkono. Njia nzima ndani ya lori nilikuwa na hofu moja tu: nitakapovua viatu na soksi, nikakaa nikakunja miguu, huyu mzee ataiona miguu yangu. Ataona magaga, na atajua kila kitu kuhusu baba yangu bila kuuliza.

Tukapiga hodi. Akatoka mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni. Piteni. Wala usivue viatu, pita tu hivyo hivyo."

Wallahi, nilihisi kama nimefunguliwa kamba shingoni. Nilimwona mtu mwema. Nikasema moyoni, ameniona viatu vyangu, ameniheshimu, hataki nijisumbue na kamba. Tena mimi nililelewa hivi: mzee akisema kaa, unakaa; akisema pita, unapita. Nyuma yangu mjomba alikohoa. Nikadhani ni kikohozi.

Nikapita. Kwii, kwii, kwii. Sebuleni kulikuwa na mkeka mpya wa ukili wa rangi, mpana kutoka ukuta hata ukuta, wa kazi nzuri kabisa. Nikakanyaga mpaka katikati, nikakaa. Nyuma nikasikia mjomba akiweka makubadhi yake mlangoni polepole, kama mtu anayeweka mayai.

Ikaletwa kahawa, ikaletwa halua. Mzee akaniuliza habari za njia, habari za mvua. Kisha akatazama chini.

"Viatu vizuri," alisema.

"Ahsante, mzee. Vya mjini, kwa Mhindi."

"Naam. Vinaonekana."

Nyuma ya pazia mwanamke akacheka. Kicheko kifupi, kikazibwa na kiganja. Niliijua ile sauti. Mimi, mjinga, nikafurahi. Nikaona mambo yamekwisha.

Nililala kwa jamaa hapo Pangani ili asubuhi nipakie mzigo. Jua lilipopanda nikapita mbele ya ile nyumba, nikaukuta ule mkeka umetandazwa nje barazani, umelowa chapa. Watumishi wawili wanawake wameinama wanausugua, pembeni ndoo ya maji na karai la udongo. Mzee amesimama na bakora yake, anahesabu kwa sauti.

"Nne... Haya, mwageni. Tano."

Akainua macho akaniona. Hakusita. Alinitazama sawasawa usoni, akawaambia wale wanawake, "Ongezeni udongo." Kisha akaendelea. "Sita."

Mtoto yeyote aliyekaa chuo cha Kurani akichapwa na mwalimu anajua kinachooshwa mara saba, moja kwa udongo. Ni chombo alichokiramba mbwa. Nilisimama pale mpaka akafika saba. Viatu vyangu miguuni viliniwasha kama upupu.

Mjomba hakunihurumia. "Kakwambia usivue, nawe usivue kweli?"

"Si kasema mwenyewe!"

"Mwenye nyumba akikwambia usiondoke mapema, utakaa kwake mpaka Idi?"

Jibu la posa halikuja kwa maneno. Wapo walionambia tangu hapo sababu ni kufu tu, kwamba mtoto wa mfua nazi asingepewa mtoto wa nyumba ile hata angeingia akitembea kwa mikono. Yawezekana. Lakini kufu ingesemwa, watu wangeagana. Mimi nilijibiwa kwa ndoo ya maji, mbele ya njia ya watu wote. Na yule mtu alikuwa ameniambia nisivue. Hilo ndilo lililonichoma kuliko mbwa. Kama kukosa adabu kulikuwapo asubuhi ile, hakukuwa kwangu.

Binti akaozwa kwa jamaa zao Unguja. Mimi nikafanya kazi kwa hasira. Watu wanasema hasira hasara. Yangu ilijenga nyumba. Nilipomaliza sakafu yangu nyekundu niliweka sharti langu la mlangoni. Sitamwambia binadamu pita huku nataka avue. Wa kwanza kuvuliwa viatu alikuwa fundi aliyeimwaga sakafu yenyewe. Akanuna, akavua.

Miaka sita ikapita. Asubuhi moja nimekaa nakunywa chai, nikasikia hodi ya mtu mzima. Kutoka, ni yule mzee. Peke yake, kapanda basi kutoka Pangani, hana mshenga wala mtumishi. Amekonda. Bakora ni ile ile.

Nikamwamkia, sikumnyima. Akaitikia. Akanyanyua mguu kuvuka kizingiti, na hapo akangojea lile neno. Nililiona analingojea, kama mtu aliyenyoosha mkono apewe maji. Angejibu hapana bwana wee, angeinama, na sote tungekuwa waungwana.

"Vua viatu," nikamwambia.

"Ati?"

"Viatu, mzee. Vua, uviweke pale kwenye kona."

Alitazama njiani kulia na kushoto kama kuna mtu aliyesikia. Akashika mwimo wa mlango, akainama. Kiuno kilikuwa kimemkataa, makubadhi yalimchukua muda mrefu. Sikumshika mkono. Mpaka leo sijutii. Nikaiona miguu yake: laini, myeupe, haijawahi kukanyaga mwiba.

Alizunguka sana. Minazi imezeeka, wakwezi siku hizi hawapatikani, dunia inageuka. Nilimwacha azunguke. Mwishoni akasema akitazama kikombe, "Mtoto amerudi nyumbani. Eda imekwisha."

Nikamwongezea chai.

"Haji mtu akamtaka ila anamkataa," alisema. "Amekutaja wewe."

"Kanitaja vipi?"

Ilimuuma kusema. "Yule bwana wa viatu."

Baba wa watu hamnadi bintiye. Kwa wale, kuja kwake pale ilikuwa sawa na kutembea uchi sokoni. Nilijua, na nilifurahi, sitaficha. Nikamwambia nitamwoa, kwa sharti. Ndoa ifungwe kwake, sebule ile ile, mkeka ule ule.

"Mkeka ule umechakaa."

"Hauwezi kukosa kuwa safi, mzee."

Akafumba macho. "Inshallah," akasema.

Siku ya ndoa nilikwenda na malori mawili yamejaa watu wangu, na la tatu nimekodi. Barazani walikuwa wamekaa watu wazima wote wa Pangani wenye majoho na vilemba, wenye majina, ambao miaka ile baba yangu aliwafulia nazi zao. Nilivaa viatu vile vile, nimevipiga rangi mpaka vikang'aa. Vilikuwa bado vinalia.

Mzee alisimama mlangoni mwake kupokea wageni. Na kwa kuwa watu wote wanamtazama, na kwa kuwa ndivyo alivyozoea tangu kuzaliwa, yakamtoka.

"Karibu bwana harusi. Pita, pita, wala usivue viatu."

Nikasimama. Nikapaza sauti wasikie hata walio kwenye malori.

"Hapana, mzee wangu! Humo ndani mna mkeka uliooshwa mara saba. Moja kwa udongo."

Watu wa dini walielewa kabla sijamaliza. Kadhi alishika ndevu zake akatazama chini. Mimi nikainama, nikafungua kamba moja, nikafungua ya pili, taratibu. Nikavua na soksi. Nikayaonyesha magaga yangu kwa kila mwenye macho, kisha nikapita juu ya ule mkeka kwa miguu ya mtoto wa mfua nazi, nikakaa pale pale katikati. Mzee alibaki mlangoni, kaushika mwimo kama alivyoushika wangu. Ndoa ikasomwa akiwa na uso wa maiti.

Nyuma ya pazia safari hii hakuna aliyecheka.

Mke wangu alingoja mpaka tumefika Tanga. Alivua viatu mlangoni kabla sijasema neno, akaingia, akaigusa ile sakafu kwa kidole cha mguu, akanigeukia.

"Siku ile ya kwanza nilicheka," alisema, "kwa vile ulivyopita. Baba alikwambia pita, ukapita, kama mtu aliyeambiwa kweli. Pale kwetu sikuwahi kumwona mtu anayesadiki anachoambiwa. Ndiyo maana nikakutaja." Akaweka buibui lake juu ya kiti. "Na leo baba amekwambia lile lile, nawe umejibu kama watu wa kwetu."

Hajalirudia neno hilo tena. Mimi najiambia hivi: Baba yake alinihesabia saba, mimi nilimhesabia mara moja tu.

Tuna watoto watatu. Mzee huja kuwaona, hushuka basi pale kona na bakora yake. Haingii. Hukaa kwenye baraza yangu na makubadhi yake miguuni, mke wangu humpelekea kahawa nje, na watoto hutoka pekupeku wakamkalia magotini. Namwambia karibu ndani, mzee. Hunijibu kuwa pale panamtosha, pana upepo. Upepo wenyewe haupo, baraza ile inapigwa na jua kutwa nzima.

Basi na akae. Mlango wangu uko wazi, na sharti lake analijua.