Injini Tatu za Placidius

Pale Nyaishozi, ukiulizia nyumba ya Placidius Rwegoshora, watu watakuuliza kwanza: "Yule wa ndege?" Kisha watacheka. Wacheke tu. Pikipiki zao zikigoma asubuhi huwa hawacheki. Huzikokota hadi uani kwake na shikamoo ya unyenyekevu.

Ndege yenyewe aliianza miaka sita iliyopita, kwa mabomba ya chuma, turubai, na magurudumu ya toroli yaliyopiga kelele hata kwenye nyasi. Umbo halikumsumbua sana. Kilichomtesa ni injini.

Ya kwanza aliitoa kwenye pampu ya kumwagilia. Iliunguruma kwa bidii, ikapeperusha kuku wa mkewe, Anatolia, na ndege ikabaki palepale kama ng'ombe anayecheua. Ya pili ilikuwa ya pikipiki. Hiyo aliipenda. Akaukata mti wa msizi uliopandwa na marehemu baba yake nyuma ya nyumba, akaziacha mbao zake zikauke, akachagua ubao usio na fundo, akachonga pangaboi kwa miezi minne. Kila alipopiga msasa alilitundika kwenye msumari kuona kama linainamia upande mmoja. Siku ya kujaribu, ndege ilikimbia mpaka mkia ukainuka, Anatolia akapiga vigelegele. Halafu injini ikachemka, pistoni ikakwama, na vigelegele vikaishia kooni.

Anatolia hakuwa mke wa kutazama tu. Alikuwa na masikio ya fundi. Akiwa jikoni anamenya ndizi hupaza sauti: "Baba Joviana, plagi moja haichomi!" Placidius akifungua, kweli, moja haichomi. Alimpenda kwa hilo, ingawa hakuwahi kumwambia.

Mwaka jana Anatolia alianza kumimina chai nje ya kikombe. Hospitali wakasema ni presha ya macho. Dawa ya matone ingeweza kuchelewesha giza, lakini kilichokwisha potea hakitarudi. Walirudi nyumbani. Alipofika mlangoni akamshika mumewe mkono.

"Sikuombi kitu kingine," akasema. "Hiyo ndege yako nataka niione angani kabla macho hayajaisha."

Tangu siku hiyo utani wa watu haukumwingia tena Placidius. Alikuwa anakimbizana na macho ya mkewe.

Injini ya tatu aliipata kwenye kombi kuukuu ya misheni, iliyolala miaka mingi chini ya majani ya maboga. Waliokuwa nayo walimwambia achukue, mradi asiharibu maboga. Ilikuwa injini inayopozwa kwa upepo, haihitaji maji, yenye pistoni nne zilizolala mbili mbili kwa ubavu. Aliisafisha, akaifunga puani mwa ndege pamoja na pangaboi lake la msizi, akamwita jirani yake Theoneste amshikie mkia. Ikawaka mara moja, sauti nzito na tulivu. Anatolia akatabasamu. Placidius akaongeza mafuta.

Ndege ikarudi kinyumenyume. Ikamsukuma Theoneste hadi katikati ya migomba.

"Ta Placidius!" Theoneste akapiga kelele kutoka kwenye majani makavu. "Unatupeleka Jumapili iliyopita?"

Placidius alizima injini, akaangalia pangaboi likimalizia kuzunguka, akaelewa. Injini ya kombi ilizunguka kinyume na ile ya pikipiki. Pangaboi lilichongwa kuvuta. Likizungushwa kinyume, linasukuma. Fundi wa miaka thelathini, na hakukumbuka kutazama mashine inazungukia wapi! Kuchonga jingine kulitaka ubao mwingine mkavu na miezi mingine, na Anatolia sasa aliona vidole vyake tu akivisogeza karibu na uso. Theoneste alipoondoka, Placidius alikaa chini akalia.

Anatolia akaja akipapasa ukuta. Alimsikiliza mumewe akieleza yote mpaka mwisho.

"Siku zile tukipeleka ndizi mnadani," akasema, "baiskeli imebeba mikungu sita, nani alikuwa mbele?"

"Mimi. Nimeshika usukani."

"Na mimi?"

"Nyuma. Unasukuma."

"Tulipanda kilima au hatukupanda?"

"Tulipanda."

"Basi na hiyo iweke nyuma. Kama inataka kusukuma, iache isukume."

Placidius akafuta uso. Akalifungua pangaboi, akaligeuza mgongo mkononi, akaliangalia muda mrefu. Injini ikikaa nyuma ya kiti na kuelekea mkiani, nguvu ileile iliyoirudisha ndege ingeipeleka mbele. Hakuna cha kuchonga. Alicheka peke yake, akamkumbatia mkewe na mikono yake ya grisi, gauni lake likaharibika, na wala hakulalamika.

Kukata na kuunga upya mabomba kulimchukua wiki sita. Kisha wakaenda Kihanga, kwenye malisho ya Theoneste, ng'ombe wakasogezwa pembeni. Anatolia alivaa gauni la kanisani. Placidius alimkalisha kwenye kigoda, akamgeuzia uso upande ambao ndege ingepaa, akapanda.

Ilikimbia ikitetemeka, magurudumu yakilalamika, injini ikimsukuma mgongoni. Halafu kutetemeka kukaisha. Chini aliona kivuli chake kimeachana naye. Alifika urefu wa migomba miwili, akaenda mpaka mwisho wa malisho, akashuka kwa kurukaruka, akakimbilia kwenye kigoda.

"Umeiona, Mama Joviana?"

Uso wake ulikuwa bado umeelekea pale pale alipomgeuzia. Akatikisa kichwa.

"Sikuiona, mume wangu."

Placidius alipiga magoti kwenye nyasi. Alikuwa amechelewa. Mkono wa Anatolia ukampata begani.

"Lakini nilisikia magurudumu yako ya toroli," akasema. "Yalipiga kelele, yakapiga kelele, halafu yakanyamaza. Ikabaki injini peke yake. Nikajua hupo chini."

Machozi yalikuwa yanamtoka, naye anacheka.

"Rudia," akamwambia. "Na safari hii usishuke mapema."